Vaux-le-Vicomte: Kasri Lililofunikwa na Hadithi Yake

Mtu anayesimama kwenye ngazi za nyuma za kasri la Vaux-le-Vicomte, yapata kilomita 55 kusini mashariki mwa Paris, huiona bustani yote kwa mtazamo mmoja. Mbele yake vimelala vitalu viwili vipana vilivyochorwa kama tarizi, nyuma ya vitalu kuna mabwawa, na nyuma ya mabwawa kuna ukuta wa mapango ya mawe unaoonekana kukaa ukingoni kabisa mwa bwawa la mwisho; kisha mteremko wa nyasi unapanda hadi kwenye sanamu iliyopakwa dhahabu ya Hercules, shujaa wa hadithi za kale za Kigiriki. Mgeni huamini kwamba kwa mwendo mfupi atakuwa ameyagusa mapango. Akianza kutembea ndipo anapogundua kwamba mabwawa ni makubwa kuliko alivyodhani na kwamba umbali haupungui kama alivyotarajia. Anapofika ukingoni mwa bwawa la mwisho, ardhi inashuka ghafla, na chini yake unapita mfereji wa maji wa karibu kilomita moja, ambao hakuuona kabisa alipokuwa juu. Mapango yako ng'ambo ya mfereji huo, na hakuna njia ya kuyafikia ila kuuzunguka.

Nimeanza na bustani kwa makusudi, kwa sababu historia ya nyumba hii husimuliwa kama inavyoonekana bustani yake kutoka kwenye ngazi. Hadithi inayojulikana ni fupi: Nicolas Fouquet, msimamizi mkuu wa fedha za Mfalme Louis wa 14, alijenga kasri lililopita kiasi kwa uzuri; akamwalika Mfalme kwenye karamu tarehe 17 Agosti 1661; Mfalme akaona wivu, akamtia gerezani majuma matatu baadaye, kisha akawachukua mafundi wake wakamjengee Versailles. Kila kipande cha hadithi hiyo kina ukweli fulani, lakini vipande vimepangwa kwa namna inayoficha mfereji katikati.

Kwanza ni vema tuelewane kuhusu neno lenyewe. Wafaransa hutumia neno moja, château, kwa ngome ya vita ya karne za kati na pia kwa nyumba ya fahari iliyojengwa shambani na tajiri aliyekuwa na makao mengine mjini. Neno letu kasri linaelekea zaidi kwenye jumba la mtawala. Vaux, ambalo jina lake hutamkwa kwa kifupi tu "Vo", ni la aina ile ya pili: nyumba ya mtu asiye mfalme, iliyojengwa kwa ajili ya kupokea wageni, kupumzika na kuonekana. Handaki la maji linaloizunguka halikuchimbwa ili kuzuia adui. Ni kumbukumbu ya ngome, pambo la kumpa mwenye nyumba sura ya mtu wa ukoo wa zamani, na kwa familia ya Fouquet, iliyopanda kwa biashara na vyeo vya mahakama, sura hiyo ilikuwa na thamani.

Fouquet, aliyezaliwa mwaka 1615, alilinunua shamba la Vaux mwaka 1641 akiwa na umri wa miaka 26. Mwaka 1653 akateuliwa kuwa msimamizi wa fedha za ufalme, na cheo hicho ndicho kinachoeleza nyumba hii kuliko wivu wowote. Hazina ilikuwa tupu. Vita na Hispania vilikuwa vikiendelea, maasi ya wakuu dhidi ya serikali yalikuwa ndiyo kwanza yamezimwa, na serikali ilikuwa imekwisha kuwavunja moyo waliowahi kuikopesha kwa kushindwa kuwalipa. Hakuna tajiri aliyetaka kumkopesha Mfalme. Lakini wengi walikuwa tayari kumkopesha mtu binafsi waliyemwamini, ambaye naye angezipeleka fedha hizo kwa Mfalme. Kazi ya msimamizi ilikuwa kuwa mtu huyo. Alikopa kwa jina lake, akaweka mali zake na za jamaa zake kuwa dhamana, na mpaka kati ya mfuko wake na mfuko wa ufalme ukafifia hata wahasibu wa zama zake wenyewe wakashindwa kuuona. Katika hali kama hiyo fahari ni sehemu ya kazi: anayetaka kukopa mamilioni hawezi kuja amevaa kanzu yenye viraka. Vaux ilikuwa tangazo la jiwe lililowaambia wenye fedha kwamba mwenye nyumba hawezi kufilisika. Mali zake zilipokuja kuhesabiwa baada ya kukamatwa, ilionekana kwamba madeni yalikaribia kulingana na mali zote. Hilo halimtakasi na tuhuma za wizi, kwa kuwa fedha nyingi zilipitia mikononi mwake na zingine hazikuendelea na safari. Lakini linamfanya afanane zaidi na mkopaji mkubwa aliyeishi kwa kuaminiwa kuliko mwizi aliyelalia dhahabu.

Mkataba wa ujenzi ulitiwa sahihi mwaka 1656. Msanifu majengo alikuwa Louis Le Vau, mwashi mkuu Michel Villedo, mchoraji na mpangaji wa mapambo yote Charles Le Brun, na mtunzi wa bustani André Le Nôtre. Husemwa mara nyingi kwamba Fouquet aliwagundua watu hawa, jambo ambalo si kweli. Wote walikuwa watu wazima wenye sifa. Le Vau alikuwa amekwisha kuwajengea matajiri wengi wa Paris, na Le Nôtre alizaliwa katika familia ya watunza bustani za Mfalme. Alichofanya Fouquet ni kuwapa eneo moja, wakati mmoja na mfuko mmoja, wafanye kazi ambayo haina sehemu iliyosimama peke yake. Ili kulipata eneo hilo vitongoji vilivunjwa na mto mdogo uitwao Anqueil ukaelekezwa upya. Mto huo ndio uliogeuka kuwa mfereji uliofichwa.

Mpango wa Le Vau unaeleweka vizuri kwa anayeingia kutoka uani. Majengo ya huduma, yaani mazizi na nyumba za watumishi, yamejengwa kwa matofali na mawe. Kasri lenyewe, lililo katikati juu ya jukwaa lake, ni la jiwe jeupe tupu, hivyo kadiri mgeni anavyosogea ndivyo nyumba inavyozidi kuwa ya heshima. Mlangoni anakuta ukumbi wa nguzo, na kupitia matao ya ukumbi huo anaona sebule kubwa yenye umbo la yai, na kupitia madirisha ya sebule anaona bustani hadi upeo wa macho. Nyumba imetobolewa katikati. Hili si jambo dogo, kwa sababu katika nyumba nyingi za Kifaransa za wakati huo katikati palikaliwa na ngazi kuu. Le Vau alizigawa ngazi, akazisukuma pembeni, akazifanya za kawaida tu, ili kitu cha kwanza anachokiona mgeni kiwe ni bustani. Vyumba vya Mfalme viko upande mmoja wa sebule na vyumba vya mwenye nyumba upande wa pili, vyote vikiielekea bustani, na nyuma yao kuna safu nyingine ya vyumba inayoielekea ua. Safu mbili zilizopeana migongo zilikuwa bado ni jambo jipya katika nyumba za shambani, ambazo zamani zilikuwa na unene wa chumba kimoja tu. Faida yake ni kwamba mtumishi aliweza kupita upande mmoja bila kukatiza karamu iliyokuwa upande wa pili. Kuna pia chumba maalumu cha kulia, miongoni mwa vya mwanzo katika Ufaransa, ambako kabla ya hapo meza zilitandikwa popote bwana alipotaka kula. Jiko liko chini, katika ghorofa iliyozama nusu ardhini.

Si lazima mtu apende kila kitu. Kwa jicho langu upande wa uani una msongamano: paa za vibanda vya pembeni ni refu na za mwinuko mkali, kuba linachungulia nyuma yake, na sura yote inafanana na watu waliojipanga kupigwa picha, kila mmoja akitaka kuonekana. Upande wa bustani, ambako sebule ya mviringo inajitokeza mbele na kuba linakaa juu yake bila mshindani, ndiko ujuzi wa Le Vau unakoonekana.

Sebule hiyo ina urefu wa karibu mita 19, upana wa 14, na kimo cha mita 18 kutoka sakafu hadi kuba. Juu imezungukwa na sanamu 16, zikiwakilisha nyota 12 za falaki na majira manne ya mwaka, nazo zimesimama kama watu wanaolibeba kuba vichwani. Le Brun alikuwa amekwisha kuandaa mchoro wa dari yake, ukionyesha jumba la Jua, lakini haukuwahi kuchorwa, kwa sababu mwenye nyumba alikamatwa kabla. Mchoro ulisalia kwenye karatasi, na anga yenye tai inayoonekana leo kubani ni ya karne ya 19. Baada ya Fouquet kuanguka, jua likawa nembo ya Louis wa 14 mwenyewe, tena likaenezwa kila mahali hadi mtu anasahau kwamba lilikuwa limeanza kuchorewa dari ya mtu mwingine.

Kazi ya Le Brun haikuwa kuchora picha tu. Alipowasili mwaka 1658 alikabidhiwa mamlaka juu ya wachoraji, wachongaji, mafundi wa plasta na wapaka dhahabu, na pia juu ya karakana ya mazulia ya ukutani ambayo Fouquet aliianzisha katika kijiji jirani cha Maincy. Kila chumba kilitungwa kama shairi moja ambamo dari, kuta na vitambaa vinazungumzia jambo lile lile. Katika chumba cha Mfalme, viumbe wa plasta iliyopakwa dhahabu wanajitokeza kwenye kingo za dari na kuishika picha iliyo katikati yao, kwa namna ambayo mtazamaji hajui kwa urahisi uchongaji unaishia wapi na uchoraji unaanzia wapi. Mtindo huo Le Brun aliuona Italia alipokuwa akisoma Roma. Nyumba za Kifaransa zilikuwa zimezoea dari za boriti zilizopakwa rangi. Miaka michache baadaye namna hiyo ya kupamba ilikuja kuitwa mtindo wa Louis wa 14.

Picha zenyewe zina ujumbe ambao wageni wa leo hupita chini yake bila kuusoma. Dari ya chumba cha Mizimu ya Sanaa, yaani miungu tisa wa kike wa hadithi za Kigiriki wanaosimamia sanaa, inaonyesha ushindi wa Uaminifu. Inakumbusha kwamba wakati wa maasi Fouquet alibaki upande wa Mfalme. Dari ya chumba kingine inaonyesha Hercules akipokewa miongoni mwa miungu baada ya kumaliza kazi zake ngumu, na haikuhitaji akili nyingi kutambua Hercules ni nani. Kila mahali, kwenye kuta, milango na pembe za dari, kuna kindi. Katika lahaja za magharibi mwa Ufaransa kindi aliitwa kwa jina linalofanana na Fouquet, naye akawa nembo ya ukoo, pamoja na usemi wa Kilatini unaouliza: hatapanda hadi wapi? Mpinzani wake mkubwa, Jean-Baptiste Colbert, alikuwa na nembo ya nyoka.

Sasa turudi bustanini, kwa kuwa hila za Le Nôtre zinastahili kuelezwa. Kwa kawaida kitu kilicho mbali huonekana kidogo, na safu mbili zinazokwenda sambamba huonekana kukutana. Le Nôtre aliipinga kanuni hiyo kwa kupanua na kurefusha vitu kadiri vinavyokwenda mbali, hivyo macho yanavisogeza karibu. Bwawa linaloonekana mraba kutoka kwenye ngazi limerefushwa ili lionekane hivyo. Halafu alitumia mwinuko wa ardhi. Bustani inateremka kwa hatua, na kila hatua inaficha kinachofuata, kwa hiyo kinachoonekana tambarare ni majukwaa kadhaa yaliyopangwa moja chini ya jingine. Bwawa kubwa la mraba, lililo mbali sana na nyumba, siku isiyo na upepo huonyesha taswira ya kasri zima majini, na mtu aliyesimama hapo huona nyumba mbili, moja ikiwa imepinduka. Hesabu za namna hii zilitegemea elimu ya kale ya macho na nuru, ambayo wasomi wa karne ya 17 waliijua vizuri. Jambo la ajabu ni kuona elimu hiyo ikiandikwa kwa udongo na maji juu ya zaidi ya kilomita moja ya ardhi.

Tarehe 17 Agosti 1661 Mfalme na mama yake walikuja kutoka kasri la kifalme la Fontainebleau. Chakula kilisimamiwa na Vatel, msimamizi wa nyumba ya Fouquet, tamthilia ya Molière iliyochanganya maigizo na dansi ikachezwa kwa mara ya kwanza, na usiku ukaishia kwa fataki juu ya mfereji na juu ya kuba. Mfalme akarudi Fontainebleau usiku huo huo. Chumba kilichopambwa kwa ajili yake hakulala ndani yake hata mara moja. Tarehe 5 Septemba, huko Nantes, Fouquet alikamatwa na d'Artagnan, ofisa wa askari wa Mfalme, yule wa kweli ambaye waandishi wa riwaya walimkuza baadaye.

Usemi unaonasibishwa na Voltaire, kwamba jioni ya siku ile Fouquet alikuwa mfalme wa Ufaransa na usiku wa manane hakuwa kitu tena, umeifanya karamu ionekane kuwa sababu. Kalenda inakataa. Kadinali Mazarin, aliyekuwa akiongoza serikali, alifariki mwezi Machi 1661, na Mfalme, akiwa na miaka 22, akatangaza kwamba hatakuwa na waziri mkuu tena. Fouquet alitumaini kukirithi kiti hicho. Colbert alikuwa amekwisha kukusanya hesabu dhidi yake, na uamuzi wa kumwondoa ulifikiwa miezi kadhaa kabla ya karamu. Kabla ya kukamatwa, Fouquet alishawishiwa kukiuza cheo chake katika mahakama kuu ya Paris, cheo ambacho kingempa haki ya kuhukumiwa na mahakimu wenzake. Isitoshe, alikuwa amenunua kisiwa cha Belle-Île na kukijengea maboma, jambo ambalo mfalme kijana aliyekulia katikati ya maasi hangeweza kulipuuza. Karamu huenda ilimkera, na ni vigumu kuamini kwamba haikumkera, lakini mtego ulikuwa umekwisha kutegwa. Kesi ilidumu miaka mitatu. Mwezi Desemba 1664 mahakimu 13 walitaka afukuzwe nchini na tisa wakataka auawe. Mfalme, ambaye kwa desturi hupunguza adhabu, aliiongeza ikawa kifungo cha maisha katika ngome ya Pignerol, ambako Fouquet alifia mwaka 1680.

Kuhusu Versailles, ukweli uko karibu na hadithi. Le Vau, Le Brun na Le Nôtre walihamia huko kweli. Mazulia, sanamu na michungwa iliyopandwa kwenye makasha vilichukuliwa, vingine kwa kutaifishwa na vingine kwa kununuliwa. Sanamu za nusu-mtu ambazo Nicolas Poussin alizibuni Roma kwa ajili ya bustani ya Vaux ziko Versailles hadi leo. Wafumaji wa Maincy wakahamishiwa Paris, na karakana yao ikawa sehemu ya kiwanda mashuhuri cha Gobelins. Hata hivyo Versailles si Vaux iliyokuzwa. Versailles ililazimika kuendelea kuongezwa juu ya nyumba ya kuwindia ya zamani, vizazi vikipokezana. Vaux ilijengwa kwa pumzi moja, ikaachwa, na ndiyo maana wazo lake bado linasomeka.

Linasomeka, lakini si kwa mwandiko wa mwaka 1661 peke yake, na hapa ndipo wapenzi wa urithi hugawanyika. Mjane wa Fouquet aliuza nyumba mwaka 1705 kwa mkuu wa majeshi Villars. Mwaka 1764 ikaenda kwa ukoo wa Choiseul-Praslin. Chemchemi zilikauka na mabomba yake ya risasi yakauzwa. Mwaka 1847 bwana mmoja wa ukoo huo, mwenye cheo cha duke, alimuua mkewe mjini Paris, naye akanywa sumu kabla ya kuhukumiwa, na nyumba ikabaki karibu miaka 30 bila matunzo hadi iliponunuliwa mnadani mwaka 1875 na Alfred Sommier, mfanyabiashara wa kiwanda cha sukari. Sommier alirudisha paa, akajaza vyumba samani za zama zile alizozitafuta sokoni, na kuijenga upya bustani. Hercules wa dhahabu anayeonekana mwisho wa upeo, ambaye wengi humdhania kuwa wa Fouquet, alisimamishwa na Sommier mwishoni mwa karne ya 19. Vile vitalu viwili vya tarizi vilichorwa na Achille Duchêne mwaka 1923 kwa kufuata michoro ya zamani. Uzao wa Sommier ndio ulioifungulia nyumba umma mwaka 1968, na bado ni mali ya familia, inayojiendesha kwa viingilio na sherehe.

Kwa hiyo swali la kurejesha nyumba katika hali yake ya asili linapoulizwa Vaux, jibu hutegemea asili ya nani. Kuba likichorwa jumba la Jua, litakuwa na picha ambayo halikuwahi kuwa nayo. Hercules akiondolewa, upeo utakuwa mtupu kama ulivyokuwa mwaka 1661, na kila mgeni atadhani kitu kimeibiwa. Swali hilo liliacha kuwa la wasomi peke yao pale miti midogo ya kupogolewa ya vitalu vya Duchêne iliposhambuliwa na kuvu na viwavi wa nondo hadi ikabidi ing'olewe yote mwaka 2019. Kupanda miti ile ile kulikuwa kuwalisha viwavi wale wale. Kupanda mingine kulikuwa kubadili mchoro ambao wenyewe ulikuwa na umri usiofika miaka 100. Mwaka uliofuata wasimamizi waliweka mabamba ya alumini yaliyolazwa kwa mistari juu ya udongo, mahali palepale palipokuwa na majani. Kutoka kwenye ngazi za kasri yalimeta kama maji, na ilimbidi mtu ateremke hadi kando yake ndipo ajue kwamba ni chuma.